Trei ya Vitone Sita

Siku Seline alipofunguliwa bandeji ya jicho la kushoto, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa kilikuwa shingo ya binti yake. Aliitazama kwa muda, kisha akasema mbele ya nesi na wagonjwa wengine watatu:

"Mercyline, kumbe umekonda hivi na hukuniambia?"

Nesi alicheka. Mercyline naye alicheka, akaivuta kola ya blauzi yake juu kidogo.

"Mama, watu wakifunguliwa macho wanamshukuru Mungu. Wewe unahesabu mifupa."

"Mifupa ndiyo kazi yangu."

Alisema kweli. Kwa miaka ishirini na miwili Seline alikuwa amekaanga mgongo wazi pale mtaani Obunga, yaani samaki wa mbuta waliokwisha kutolewa minofu kiwandani, wakabaki kichwa, uti na mkia. Alikaa mbele ya karai la mafuta tangu binti yake akiwa mgongoni mpaka akawa na shahada. Moshi ulimla macho polepole. Mtoto wa jicho aliingia kulia, akaingia kushoto, na mwaka huu Seline alianza kuwarudishia wateja vichwa badala ya mikia.

Kilichomwokoa ni kadi ya bima ya kazini kwa Mercyline, iliyoruhusu kumwandika mzazi mmoja. Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji Agosti. La kulia liliandikiwa tarehe tano Novemba, siku ambayo daktari wa macho angekuja tena Kisumu. Mkataba wa Mercyline ulikuwa unaisha tarehe thelathini na moja Oktoba, lakini kila mwaka ulisainiwa upya bila maneno mengi, na hakuna aliyezitilia maanani siku hizo tano zilizobaki katikati.

Nyumbani, Seline alikaa mlangoni akiangalia kila kitu kama mgeni. Aliona kwamba pazia lilikuwa la kijani. Aliona kwamba jirani yake, Mama Byron, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimletea maji na kusema alikuwa anapita tu, alikuwa anachechemea.

"Sasa niambie," alisema chai ilipokuja. "Ni kazi gani hiyo inakumaliza? Unapima damu za watu?"

"Hapana, Mama. Tunafuata kimelea cha malaria. Ndani yake kuna protini moja ambayo ni kama mdomo. Inakula kitu kinaitwa ATP. Hiyo ATP ina mkia wa pingili tatu. Protini inauma pingili ya mwisho, inapata nguvu. Sisi tunataka picha ya mdomo kabla haujauma, ili wanaotengeneza dawa wajue watauziba na nini."

"Si mpige hiyo picha."

"Haitulii. Lazima kwanza tuigandishe iwe fuwele, kama chumvi inavyoshikana. Hiyo inachukua wiki mbili. Ukiipa ATP ya kweli, mpaka fuwele iote imeshauma kitambo, unapiga picha ya mdomo uliomaliza kula."

Seline alifikiri, kikombe mkononi. "Kwa hiyo mnaipa chakula cha uongo."

"Ndiyo. Kinachofanana na ATP lakini hakiumiki. Kazi yangu ni kuchagua uongo gani."

"Hiyo ni mgongo wazi!" Seline alipiga goti. "Kichwa kipo, mkia upo, paka anakuja mbio. Akifika anakuta ni mfupa. Miaka yote hiyo ningekufundisha mimi, ungeacha kulipa karo."

Walicheka mpaka Mama Byron akachungulia kuuliza kuna nini.

*

Maabara ilikuwa nje kidogo ya mji, jengo jeupe ndani ya taasisi iliyozungukwa na ua wa michongoma. Mkubwa wake alikuwa Profesa Owiti, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alijua majina ya mama za wafanyakazi wake wote na aliwasalimia kwa majina hayo. Watu walimpenda kwa hilo, na walimwogopa bila kujua ni kwa nini.

"Seline anaonaje?" aliuliza Jumatano iliyofuata.

"Anaona, Prof. Asante."

"Mungu ni mwema. Haya, tuchague."

Juu ya meza kulikuwa na ndoo ndogo ya barafu. Ndani yake mlikuwa na protini iliyobaki, mikrolita sitini, isiyoweza kujaza kifuniko cha kalamu. Ilikuwa kazi ya miezi minane. Pembeni yake zilisimama chupa tatu ndogo za chakula cha uongo. Sheryl, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikaa na kompyuta yake. Mzee Waliaula, msafishaji, alikuwa akipiga deki karibu na mlango, akipitisha kitambaa polepole asiwasumbue.

Mercyline alizijua zile chupa kama mama anavyojua tabia za watoto. Ya kwanza, ADP iliyochanganywa na floraidi, ilikuwa inashikana na magnesiamu na kutoa chumvi zinazodanganya jicho. Ya pili ilikuwa ATP-gamma-S, waliyoiita gamma. Protini iliichukua vizuri, lakini iliuma polepole, na alipopima alikuta baada ya siku mbili nusu yake imekwisha. Ya tatu ilikuwa AMP-PNP, au PNP tu. Kwenye kiungo cha mwisho ilikuwa na naitrojeni mahali pa oksijeni, na hapo protini ilikuwa inang'ata bure. PNP ilikuwa na adui mmoja: uchachu. Ukiiweka kwenye maji ya asidi inavunjika yenyewe bila kuumwa na mtu.

"Nashauri PNP," alisema. "Kwenye maji yasiyo na asidi. Yale namba thelathini."

"PNP, sawa kabisa. Tunakubaliana." Profesa alitabasamu. "Lakini kwenye namba kumi na nne."

Namba kumi na nne yalikuwa maji machachu. Fuwele za protini tupu, bila chakula, ziliota humo kubwa na nzuri, na picha ya fuwele hizo ilikuwa imetundikwa ofisini kwa Profesa ndani ya fremu.

"Prof, kumi na nne ni asidi. PNP itavunjika kabla fuwele hazijamaliza kuota. Niliiacha humo siku kumi, pingili ya mwisho ikatoka."

"Siku kumi kwenye chupa. Ndani ya protini ni tofauti. Ikishashikwa, imelindwa."

"Pengine kwa siku mbili tatu. Lakini hapa kwetu chumba chenyewe kina joto, umeme unakatika, na—"

"Mercyline." Hakupandisha sauti. "Maji ya thelathini yanakupa nini?"

"Fuwele ndogo, Prof."

"Ndogo kama nini?"

"Kama vumbi la sukari."

"Na wale wapiga picha wa Ufaransa tutawatumia vumbi?" Alimgeukia Sheryl kama anayemkaribisha kwenye mzaha. "Unajua hapa hatukaangi mgongo wazi, kwamba kila kipande kina mteja."

Sheryl hakucheka. Mercyline ndiye aliyecheka, kwa sababu mtu akitaja kazi ya mama yako namna ile mbele ya watu, na ndiye anayesaini mkataba wako, huna mahali pengine pa kuweka uso.

Profesa alimsogezea daftari kubwa la maabara. Kila ukurasa ulikuwa na safu: tarehe, protini, chakula (wao waliandika nukleotidi), maji, na mwisho kabisa, aliyechagua.

"Andika. Na hapo mwisho weka jina lako."

"Langu, Prof? Lakini maji ni wewe ume—"

"Nataka hii iwe yako. Umetumika miaka minane, kila karatasi ya utafiti inatoka na majina ya watu wengine. Hii ikitoka, wewe wa kwanza. Au hutaki?"

Alitaka. Tangu aanze kazi hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno kama hilo. Tena, katika malezi yake, mtu mzima akikwambia andika, hukai ukibishana naye juu ya kalamu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: *PNP, maji namba 14. Aliyechagua: Mercyline Odongo.* Pingamizi lake hakuliandika. Aliona lingekuwa kama kuandika kosa la mzazi kwenye daftari la mtoto.

"Hongera, Madam Daktari," alisema Waliaula kutoka mlangoni. Hakuwa daktari, na mzee alijua. Alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi alimwachia chupa ya maji moto ya chai juu ya meza yake.

*

Mercyline alipanda vitone vya protini kwenye maji namba kumi na nne kama alivyoambiwa, trei nne zilizojaa. Alipomaliza, alizungusha chupa ya protini kwenye mashine, na chini kabisa pakaonekana unyevu. Watu wengine wangetupa. Mercyline alikulia nyumba ambayo hata mafuta ya jana yanachujwa. Akaunyonya kwa pipeti, akapata vya kutosha vitone sita. Akavipanda kwenye trei ndogo, kwa PNP na maji ya namba thelathini.

Sheryl alimshikia taa ya simu, kwani umeme ulikuwa umepotea tena.

"Mercy," alisema Sheryl, "mimi nilikusikia ukimwambia kuhusu asidi. Ikienda vibaya, nitasema."

Mercyline aliitikia kama mtu anayekaribishwa chai na mwenyeji anayefunga mlango. Sheryl aliishi Milimani, kwenye nyumba yenye mlinzi, na alikuja kazini na gari la mama yake. Alikuwa akimwita Mercy bila kuuliza. Mkono wake ulichoka ile saa moja ya kushika taa, akaubadilisha na mwingine, hakuushusha. Hilo Mercyline hakuliangalia.

Wiki mbili baadaye trei nne zilijaa fuwele kama vipande vya kioo cha dirisha. Profesa alizitazama kwa hadubini na kuimba wimbo wa kanisani. Halafu akaiona trei ya tano.

"Na hii?"

"Ni mabaki, Prof. Niliyaweka kwenye maji ya thelathini."

Akainama, akarekebisha lenzi. Ndani ya vitone vyote sita kulikuwa na punje ndogo zenye kingo, zikimetameta kidogo.

"Chumvi hii. Tupa. Chumba cha baridi si kabati la jikoni kwa mama yako."

Mercyline alichukua kalamu nyekundu na kuandika TUPA juu ya kifuniko, Profesa akiona. Alipoondoka, Mercyline aliipeleka kwenye chumba cha baridi na kuificha rafu ya chini, nyuma ya majerikeni ya maji safi. Hakufuta neno lile. Aliona ndilo kufuli bora kuliko yote, maana hakuna mtu anayefungua kitu kilichokwisha kuhukumiwa.

Alikosea hapo, lakini kwa kosa la mtu aliyezoea kufanya kazi na watu wasiojali.

*

Jibu kutoka Ufaransa lilifika Oktoba, Ijumaa jioni, maabara ikiwa imeshafungwa. Picha zilikuwa safi, protini ilionekana yote, na ndani ya mdomo wake kulikuwa na pingili mbili tu. Ya tatu haikuwepo. PNP ilikuwa imevunjika ndani ya uchachu kabla fuwele hazijakomaa, na wao walikuwa wamepiga, kwa gharama ya wafadhili, picha ya mdomo uliomaliza kula.

Mwisho wa barua, yule mtaalamu wa Ufaransa aliongeza mistari miwili ya upole. Je, mlikuwa na fuwele nyingine zozote, kwenye maji yasiyo na asidi? Hata zikiwa ndogo kama vumbi, mashine yetu mpya inaweza kuzipiga picha.

Mercyline alisoma mistari ile mara tatu. Trei ya tano bado iko nyuma ya majerikeni, alijiambia.

Jumatatu iliyofuata Profesa alitangaza kikao cha Alhamisi. Wafadhili walitaka maelezo. "Nani alichagua nini," alisema, "tuliandika wenyewe, hakuna siri." Alisema akimtazama Mercyline kwa huruma, na huruma ile ilimfanya ashuke ngazi mbilimbili mpaka kwenye chumba cha baridi.

Alisogeza jerikeni la kwanza. Akasogeza la pili. Akayatoa yote saba, akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi na kupapasa ukuta kwa viganja, kama trei ingeweza kuwa imeingia ndani ya simenti.

Haikuwepo.

Nani alijua? Profesa aliona ikiandikwa TUPA, hakuona ikifichwa. Waliaula alikuwa amesafiri Ijumaa kwenda Bungoma kumzika dada yake. Sheryl peke yake ndiye aliyekuwa naye siku vitone vilipopandwa, na Ijumaa ileile Mercyline alikuwa amemwona akitoka chumba cha baridi amekumbatia kitu kifuani.

Alimkuta kwenye korido, akizungumza na wanafunzi wawili wa mazoezi.

"Sheryl, trei yangu iko wapi?"

"Trei gani?"

"Usinifanye mjinga. Ya vitone sita. Ulitoka nayo Ijumaa."

"Ijumaa nilitoka na chupa zangu za bafa, maji ya majaribio. Mercy, tulia, tutafute pamoja—"

"Usiniite Mercy!" Milango miwili ilifunguka. "Unataka kumpelekea Prof akupe jina langu? Chukua. Baba yako anaweza kukununulia maabara nzima, Sheryl, na bado umeona uibe vitone sita vya mtoto wa muuza mifupa?"

Sheryl alifungua mkoba wake, akatoa bahasha, akaishika ili Mercyline aone jina la afisa wa wafanyakazi lililoandikwa juu yake.

"Nilikuwa nimeandika kila kitu," alisema polepole. "Ulivyomwambia kuhusu asidi. Alivyokujibu. Na siku."

Hakuichana. Aliirudisha ndani, akafunga zipu, akaondoka. Ile zipu Mercyline aliisikia siku nyingi.

*

Siku ya Alhamisi walikuwa wanne mezani: Profesa, Mercyline, Sheryl, na Bi. Rosa, afisa wa wafanyakazi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Profesa alifungua daftari.

"PNP, maji namba kumi na nne," alisoma. "Aliyechagua: Mercyline Odongo."

"Ni mwandiko wako, mama?" aliuliza Bi. Rosa.

"Ni wangu. Lakini maji hayo aliyachagua Prof. Mimi nilipinga."

"Uliandika popote kwamba ulipinga?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mercyline angesemaje? Kwamba alikuwa amepewa jina, na alilitaka? Kwamba aliona haya kumsahihisha mkubwa kwa wino?

"Nilipanda vingine kwenye maji mazuri," alisema. "Vitone sita. Fuwele ziliota. Prof aliziona."

"Niliona chumvi," Profesa alisema kwa upole. "Nikamwambia atupe. Kama zilikuwa fuwele, ziko wapi?"

"Hazipo. Zimepotea."

Bi. Rosa alivua miwani. "Kuna mtu mwingine alimsikia akipinga?"

Mercyline alimtazama Sheryl. Alimtazama kama vile Seline alivyokuwa akimtazama nesi aliyeshika mkasi wa bandeji.

Sheryl aliangalia kucha zake. "Sikumbuki vizuri," alisema.

"Mimi simlaumu," Profesa alisema. "Mercyline ni mtoto wetu. Nilitaka kumwinua, nikampa nafasi mapema mno. Kosa langu ni hilo tu, na naomba liandikwe."

Likaandikwa. Mkataba hautasainiwa upya. Aanze likizo kesho, arudishe koti na funguo. Bima itaisha pamoja na mkataba, tarehe thelathini na moja.

"Mama yangu ana upasuaji tarehe tano," Mercyline alisema. "Jicho la pili. Ni siku tano tu, Prof. Niongezeni siku tano, nitaosha hata chupa."

"Kanuni, mama," Profesa alisema akiinuka. "Lakini Seline ni mama shujaa. Tutamwombea. Kwenye friji kuna soda, chukua moja ukitoka."

Bi. Rosa alibaki. Alifunga mlango, akapiga simu hospitali kwa simu yake mwenyewe, akaomba upasuaji ufanywe kabla ya mwisho wa mwezi. Alisubiri, akapelekwa kwa mtu mwingine, akaomba tena. Daktari anakuja siku ile moja tu, walimjibu. Bi. Rosa aliweka simu chini na kumshika Mercyline mkono, wakakaa hivyo mpaka mtu akabisha.

*

Ijumaa alirudisha koti, limefuliwa na kupigwa pasi. Karani alihesabu vifungo vyake. Langoni mlinzi aliyemjua kwa miaka minane alimfungulia mkoba na kuingiza mkono mpaka chini, akisema, "Sori, madam, wametuambia."

Katoni yake ya vitabu na kikombe ilichukuliwa na Waliaula. Alikuwa amerudi asubuhi ile kutoka mazishini, kichwa kimenyolewa, na aliposikia habari hakuuliza swali. Aliiweka katoni begani na kutembea naye njia yote mpaka Obunga, mzee wa miaka sitini na mmoja, akikataa kupokezwa.

Seline alimwona kutoka mbali kwa jicho lake jipya. "Karibu, Mzee! Pole na msiba. Kaa hapo penye kivuli. Mercyline, mletee mgeni maji ya kunawa."

Mama alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amesikiliza habari zote usiku uliopita na kusema jambo moja tu, kwamba jicho moja linatosha kwa mtu asiyesoma gazeti. Halafu alikuwa amegeukia ukuta.

Waliaula alikunywa chai. Alisifu chai. Alisema dunia imeharibika, na kwamba wale watu hawajui walichopoteza.

"Mimi nakuonea huruma tangu zamani, Madam Daktari," alisema. "Wewe unachoka. Mtu akichoka anasahau. Mimi nikiona umesahau kitu, namalizia, sisemi."

"Najua, Mzee. Ile chai ya kila asubuhi."

"Chai ni kitu kidogo. Hata juzi, kabla niende Bungoma. Nilikuwa natoa majerikeni nioshe rafu, nikakuta trei yako imebaki huko nyuma, imeandikwa TUPA. Nikasema, hii Prof akiipata atamgombeza huyu mtoto bure. Nikaitoa mwenyewe."

Mercyline alikuwa ameshika birika. Alilishusha chini taratibu, likagusa mchanga bila sauti.

"Ukaitupa?"

"Kutupa kitu kizuri vile? Hapana!" Mzee alicheka, akapapasa ndani ya mfuko wake wa plastiki aliokuja nao. "Ule uchafu ndio nilimwaga. Nikaisugua kwa maji moto na sabuni, mashimo yote. Hata yale maandishi yametoka, ilinichukua muda. Nikasema hii nitamletea mama yake, amefanyiwa macho na sijampelekea kitu."

Akamkabidhi Seline kwa mikono miwili. Ilikuwa trei ndogo ya plastiki, mashimo ishirini na manne, na kila shimo limekauka safi.

Seline aliinyanyua kwenye mwanga na kuikaribia kwa jicho la kushoto. "Aa, Mzee! Inang'aa. Hata doa hakuna. Mercyline, ona."

Mercyline aliona. Alimwona pia mzee, kichwa chake kilichonyolewa, mabega yaliyokuwa na alama ya katoni, na uso wake uliokuwa ukingoja, kama wa mtu aliyeleta zawadi na hajui kama imependwa. Neno moja lingetosha kumwangusha. Lingeweza pia kumfikisha kwa Bi. Rosa awe shahidi, na pengine lingerudisha kitu. Lakini vitone vilikuwa vimekwisha kwenda na maji ya sabuni, na kazi ya mzee ingevifuata.

"Asante, Mzee," alisema. "Umenisaidia sana."

"Si kitu, mwanangu. Si kitu."

Alipoondoka, Mercyline alienda nyuma ya nyumba na simu. Aliandika, *Sheryl, haikuwa wewe. Nisamehe.* Akatuma. Alisimama pale mpaka ikaonyesha kwamba imesomwa. Alisubiri kidogo zaidi, kisha zaidi tena. Hapakuja kitu.

Aliporudi mbele alimkuta mama yake ameshawasha moto. Kesho wateja wangekuja, na tangu kesho kungekuwa na watu wawili wa kukaa mbele ya karai. Seline alikuwa ameiweka trei juu ya kibao chake cha biashara, karibu na uso, na alikuwa akichota chumvi kwa ncha za vidole na kujaza shimo la kwanza, la pili, la tatu, kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata punje.

"Njoo uone," alisema bila kugeuka. "Kila mteja na chumvi yake. Yule mzee ana moyo."

Kisha akageuka, akamtazama binti yake kwa lile jicho moja, akaanza na shingo.

"Na wewe," alisema, "kaa ule."